Kiingereza cha karatasi: niliyojifunza nikiwaandaa vijana wa Brazil kwa mitihani ya jeshi

Mkenya akifika Brazil, kazi ya kwanza anayotupiwa ni kufundisha Kiingereza. Hakuna anayeuliza kama umesomea ualimu. Wakishasikia kwamba kwenu watoto husomeshwa kwa Kiingereza, basi jirani ana mtoto, shemeji ana mtoto, mwenye duka la mikate ana mtoto, na wote wanaomba uketi nao japo saa moja kwa wiki. Niliipokea kazi hiyo nikidhani ni pesa ya bwerere. Haikuwa. Nayaandika haya kwa Waswahili wenzangu walioko São Paulo na Rio, au hata Maputo na Lisbon, ambao siku moja wataletewa kijana wa Kireno na kuambiwa: huyu ana mtihani, mtie maneno ya Kiingereza. Na wewe uliye nyumbani unayejiandaa kwa mtihani wako mwenyewe, huenda ukaokota kitu.

Tuliishi Lorena, mji mdogo katika bonde la mto Paraíba, kando ya barabara kuu ya Dutra inayotoka São Paulo kwenda Rio de Janeiro. Mji jirani ni Guaratinguetá, na huko ndiko iliko shule ya wataalamu wa Jeshi la Anga ambayo kila mtu huiita kwa herufi zake, EEAR. Ilianza mwaka 1941 kule Rio, ikahamia Guaratinguetá 1950, na inatoa masajini: mafundi wa ndege, waongozaji wa safari za anga, watu wa hali ya hewa na wengineo. Kijana anakaa humo miaka miwili, analala, anakula, anapewa posho, na akimaliza kazi iko. Kwa familia ya kawaida ya bonde lile, nafasi hiyo inatafutwa kwa udi na uvumba. Kila nyumba ina kijana aliyewahi kujaribu au anayejiandaa kujaribu.

Karatasi yenyewe, niliyoikuta na niliyoizoea, ilikuwa na maswali 96: Kireno 24, Kiingereza 24, hisabati 24, fizikia 24. Yaani Kiingereza ni robo nzima. Tena kila somo lina kiwango chake cha chini, hivyo ukizama kwenye moja umetoka, hata kama fizikia umeimeza yote. Kwa wanaotaka urubani na uofisa kuna chuo cha Jeshi la Anga kiitwacho AFA, kilichoko Pirassununga, maswali 64, kila somo 16, na Kiingereza kimo na uzito uleule wa hisabati. Wadogo wa sekondari wana EPCAR, shule ya maandalizi ya Jeshi la Anga iliyoko Barbacena, ambako hakuna fizikia kabisa: ni Kireno, hisabati na Kiingereza. Shule ya kadeti wa nchi kavu iliyoko Campinas, EsPCEx, ina masomo mengi zaidi, na huko Kiingereza kinapungua uzito. Kwa hiyo kabla hujafungua daftari, mwulize kijana anakwenda mlango gani. Mimi nilikaa majuma kadhaa nikimfundisha mmoja bila kujua hilo.

Jambo moja kwa wazazi wetu walioko kule, kwa sababu nimeona watu wakilia bure. Katiba ya Brazil ya 1988 inasema ofisa wa jeshi sharti awe Mbrazili wa kuzaliwa. Mtoto wako aliyezaliwa São Paulo ni Mbrazili wa kuzaliwa hata kama wewe umetoka Bukavu au Tanga. Lakini aliyeingia na wewe akiwa mdogo, kisha akapewa uraia, mlango wa uofisa hauko wazi kwake. Masharti ya shule nyingine yasome kwenye tangazo rasmi la mtihani, wanaloliita edital, tena ulisome mwenyewe. Usitegemee ya kijiweni.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mpwa wa mke wangu, kijana mrefu mwenye aibu aliyeniita "tio", yaani mjomba. Mama yake alikuwa amemlipia kwa miaka shule ya lugha ya mjini, ada kila mwezi na vitabu ambavyo huuzwa na shule hiyohiyo tu. Mama alikuwa na haki ya kujivuna. Mtoto alisalimia vizuri, aliagiza chakula, aliweza kukueleza alichofanya Jumapili. Nikachapisha karatasi ya zamani ya EEAR, nikamwekea saa. Alipomaliza na tukasahihisha, nyumba nzima ilinyamaza. Alikuwa amepata chini ya nusu.

Mama aliichukulia kama usaliti. Alitaka kwenda shule ile kudai pesa zake. Nikamwambia, shemeji, hawakukudanganya. Walimfundisha kuzungumza, na kwenye mtihani huu hakuna anayezungumza. Hakuna kusikiliza, hakuna kutamka. Ni karatasi, kifungu cha habari, nafasi iliyoachwa wazi na majibu manne. Kijana anaweza kutamka neno vibaya maisha yake yote na akapata alama kamili, na mwingine akaongea kama mtu wa London na asijue kama "unless" inakubali au inakataa. Ukiwa na pesa chache na mtihani uko karibu, usizitie kwenye mazungumzo.

Basi tukaanza na maneno. Mimi nikafanya walivyotufanya walimu wetu Mombasa: nikaandika orodha ya maneno mazito, yale ambayo ukiyatia kwenye insha mwalimu anakupigia alama nyekundu ya furaha. "Inevitable", "tranquil", "consequence", "obligation", "facilitate". Nikampa ayakariri kwa wiki. Aliyatazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Tio, haya nayajua." Na kweli aliyajua. Inevitável, tranquilo, consequência, obrigação, facilitar. Ni maneno ya jikoni kwao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi na wao tumekikuta Kiingereza kwa milango tofauti. Kwa mtoto wa Mombasa, "get", "put", "up", "over" ni vitu vya darasa la kwanza, na "inevitable" ni neno la wakubwa. Kwa mtoto wa Lorena ni kinyume. Sababu iko kwenye historia: Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na Kifaransa chao, na kwa karne zilizofuata Kiingereza kikajaa maneno yenye asili ya Kilatini, ambayo ndiyo asili ya Kireno pia. Kwa hiyo kijana wa Kireno anaingia mtihanini akiwa na maelfu ya maneno makubwa tayari mfukoni. Anachokosa ni yale madogo ya Waingereza wenyewe wa kale, ambayo hayafanani na chochote nyumbani kwake.

Kwanza mwonyeshe alichonacho, kwa sababu wengi hawajui kwamba wanacho. Kazi ya jioni moja. Neno la Kiingereza linaloishia "-tion" kwa kawaida lina ndugu yake wa "-ção". La "-ty" lina "-dade". La "-ly" lina "-mente". La "-ous" lina "-oso". La "-ence" lina "-ência". La "-ble" lina "-vel". University ni universidade, rapidly ni rapidamente, patience ni paciência, possible ni possível. Nilimwacha kijana na kifungu kirefu cha habari za sayansi na kalamu ya kupaka rangi, apake kila neno lenye ndugu. Karatasi ilirudi imegeuka njano tupu. Nakumbuka alivyocheka. Alikuwa ameogopa vifungu virefu tangu zamani, na vifungu vya sayansi ndivyo vilivyo na ndugu wengi kuliko vingine.

Kisha, kabla furaha haijapoa, mwonyeshe mitego. Wabrazili wanaiita falsos cognatos: maneno yanayofanana sura lakini si ndugu. Mimi nilikuwa nimeumwa nayo upande wa pili. Mlango wa benki umeandikwa PUXE, na wenyewe wanatamka kama "pushi", basi mtu wa Mombasa anausukuma. Maana yake ni vuta. Nimesukuma milango mingi kule, foleni ikiwa nyuma yangu. Kwao, mlango uko kwenye karatasi: wanaona "pretend" wanasoma kukusudia, kumbe ni kujifanya. "Actually" wanaisoma kama sasa hivi, kumbe ni kwa kweli. "Parents" wanaisoma jamaa wote, kumbe ni baba na mama. "Library" wanaifanya duka la vitabu. "Eventually", ambayo ni hatimaye, wanaifanya mara mojamoja. "Prejudice", ambayo ni chuki au dhana mbaya, wanaifanya hasara.

Nikitaka wanielewe nilikuwa nawapa mfano wa kwetu. Wareno walituachia pwani meza, leso, bendera, parafujo, na vijana waliposikia walifurahi, kwa sababu kwao ni mesa, lenço, bandeira, parafuso. Lakini igreja, yaani kanisa, inasemekana ndiyo iliyotuzalia gereza. Kwenu mnasali humo, nikawaambia, kwetu tunafungwa. Hawakuisahau hiyo.

Orodha za falsos cognatos ziko tele mtandaoni, na kijana anaweza kuzikariri zote na bado akanaswa. Nitaeleza nilivyoliona hili kwa macho yangu. Nilikuwa nimeandika kifungu kifupi kuhusu kisiwa, na sentensi ya pili ilisema: "The island is inhabited by fishermen and their families." Maswali manne chini. Kijana alijibu yote kana kwamba kisiwa ni kitupu. Swali la wavuvi wanauza wapi samaki, akachagua jibu kwamba wavuvi hufika pale kwa msimu tu kisha huondoka. Swali la shule, akasema hakuna shule kwa sababu hakuna watoto. Kila jibu lilifuatana na jingine kwa mantiki safi kabisa, na yote yalikuwa makosa. Kireno kina inabitado, maana yake pasipo watu. Kwa Kiingereza "inhabited" ni panapokaa watu. Neno moja, sentensi ya pili, likageuza kisiwa kizima. Na "inhabited" haikuwa kwenye orodha yake.

Tangu hapo tulikuwa na desturi moja. Kila akikutana na neno linalofanana na la Kireno, ananiambia maana yake kisha ananionyesha neno lingine ndani ya kifungu linaloshuhudia. Kama kisiwa ni kitupu, "their families" inafanya nini hapo? Shahidi akikosekana, neno hilo linawekewa alama ya kuuliza na anasonga mbele bila kulijengea nyumba. Hii ilimwokoa zaidi ya orodha yoyote.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ambayo sikuikuta ikisisitizwa vya kutosha kwenye vitini vya kozi za maandalizi, ni ile ambapo Kireno kina neno moja na Kiingereza kina mawili au matatu. Hapa Kiswahili kilinipa macho. Mwambie Mbrazili aseme nasubiri basi, natumaini litakuja, natarajia lifike saa kumi na mbili. Zote tatu anaweza kuzisema kwa esperar. Sisi tuna kusubiri, kutumaini, kutarajia, na Kiingereza nacho kinatenganisha vilevile: "wait", "hope", "expect". Mimi sikuwahi kuona shida hapo kwa sababu kwangu hakuna shida. Kijana wangu aliandika "I am hoping the bus" na hakuona kosa liko wapi.

Lembrar nayo ni hivyohivyo: kukumbuka na kukumbusha, "remember" na "remind". Kwetu ni silabi moja tu inabadilika na kila mtoto anaijua. Ganhar ni kushinda mechi, ni kupata mshahara, ni kupewa zawadi. Perder ndiyo balaa: kukosa basi, kupoteza muda, kupoteza ufunguo, zote perder, na Kiingereza kinataka "miss", kisha "waste", kisha "lose". Fazer ni "make" na "do". Watunga mtihani wanajua fika maneno haya yanagongana wapi, kwa sababu nao ni Wabrazili. Wanaacha nafasi wazi, wanaweka "miss" na "lose" kando kwa kando, wanasubiri.

Tulilimaliza kwa ukurasa mmoja kwa kila kitenzi cha Kireno. Katikati perder, pembeni sentensi za Kiingereza zenye basi, muda, ufunguo, mechi, uzito wa mwili, mtu aliyefariki. Si tafsiri peke yake, ni sentensi nzima. Daftari hilo lilikuwa jembamba, na nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumwachia mwanafunzi wa Kireno, nitachagua hilo.

Halafu kuna vitenzi vya vipande viwili, "call off", "put off", "give up", "run out of", "look after", "put up with". Wabrazili wanaviogopa hadi kwa jina, phrasal verbs, wakilitamka kama jina la ugonjwa. Nilimwandikia: "They called off the match because of the rain." Majibu: announced, canceled, delayed, watched. Akachagua "announced". Nikamwuliza kwa nini. Akasema "call" ni kuita, na anayeita anatangaza. Si mjinga huyu. Anafuata njia pekee aliyo nayo, kwamba neno lina maana na maana haibadiliki kwa kubandikwa herufi tatu mbele yake.

Kilichotufungua ni kugundua kwamba maswali mengi ya aina hii humpa kijana kitenzi cha vipande viwili na kumtaka atafute kisawe chake, na kisawe hicho mara nyingi ni neno la Kilatini: cancel, abandon, tolerate, reject. Yaani jibu ni neno la kwao! Basi kadi zetu hazikuwa na Kireno kabisa. Mbele: "I can't put up with this noise", nyuma: tolerate. Mbele: "She turned down the offer", nyuma: reject. Ubongo wake ukaanza kufunga ile sehemu ngeni kwenye sehemu ya nyumbani, na kasi ikaongezeka sana. Kadi tuliziweka kwenye programu ya Anki, ambayo kwenye kompyuta na simu za Android haina malipo. Inakurudishia kadi ngumu mapema na nyepesi baadaye. Ukiwa huna simu nzuri, kadi za karatasi na visanduku viwili vya viatu vinatosha. Alikuwa akizipitia akiwa kwenye basi la Dutra, asubuhi, kabla kichwa hakijachoka na fizikia.

Kadi chache kila siku zinashinda kadi nyingi Jumamosi. Hili kila mtu analijua na hakuna anayelifuata mpaka akose.

Viunganishi nitavitaja upesi: although, however, despite, unless, therefore, whereas, otherwise. Ni vichache, vinakaribia kukosa ndugu Kireno, na vinaulizwa kila mara. Vinakaririwa kwa nguvu, hakuna ujanja. Pamoja navyo weka familia ya though, through, thought, thorough, tough, ambayo kwa jicho lililochoka ni neno moja. Na "hardly". Kila kijana niliyemfundisha aliisoma kuwa kwa bidii. "He hardly studied": wao wanaona mwanafunzi hodari, kumbe karibu hakugusa kitabu.

Kuhusu vifaa, karatasi za zamani pamoja na majibu yake rasmi, wanayoyaita gabarito, hutolewa bure na jeshi lenyewe. Watu huuziwa mtaani karatasi hizohizo zikiwa zimefungwa kwa jalada la rangi. Usinunue. Mpe kijana karatasi, afanye kwa saa, kisha msahihishe mkitafuta si tu jibu sahihi bali kila jibu la uongo lilimvuta nani na kwa nini. Jibu la uongo limewekwa kwa makusudi. Ukijua liliwekewa Mbrazili yupi, umejua mtungaji anavyowaza. Tulikuwa tunatumia muda mrefu zaidi kwenye majibu matatu ya uongo kuliko kwenye lile moja la kweli.

Gharama zilikuwa hizi: ada ya kozi ya maandalizi, ambayo kwa Kiingereza ilimfaa kidogo lakini kwa hisabati ilimfaa sana, ada ya kujiandikisha mtihani, nauli na chakula cha siku ya mtihani, na muda wa mama yake, ambao hakuna anayeuhesabu. Mimi sikumtoza, ni mtoto wa nyumbani. Waliofuata nilitoza, na nikajifunza kupokea malipo ya mwezi mwanzoni, kwa sababu matokeo mabaya ya zoezi moja yalikuwa yanawafanya watoweke na deni.

Mara ya kwanza alivuka kiwango cha chini katika kila somo lakini hakuwa ndani ya idadi ya nafasi. Hilo linauma kuliko kufeli, kwa sababu umefaulu na huna kitu. Aliacha Kiingereza mwisho, baada ya fizikia kumkausha, na maneno aliyoyajua jikoni kwetu yakamkimbia. Kwa siku kadhaa hakutaka kumwona mtu. Mama yake aliniambia labda mtoto hana kichwa cha lugha, nami nilikasirika kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilikuwa nimemwona akikifungua kisiwa kile na kukifunga.

Mara iliyofuata alianza na Kiingereza. Hakina hesabu, hakina mchoro, ukikijua kinakwenda haraka na kinakuachia saa kwa fizikia. Alijaza karatasi ya majibu mara tu alipomaliza somo, badala ya kungoja mwisho. Kalamu ni ile ya bomba linaloonyesha wino, nyeusi au bluu. Lango likifungwa limefungwa, hata ukilia, kwa hiyo alilala Guaratinguetá kwa rafiki usiku ule. Nafasi akapata. Lakini familia nyingi hushangilia mapema: baada ya karatasi kuna uchunguzi wa afya, wa saikolojia, na mtihani wa nguvu za mwili, na nimewajua waliovuka Kiingereza wakaangukia kukimbia. Mpwa wetu alikuwa akikimbia kando ya mto tangu miezi ya kadi, na hilo halikuwa wazo langu, lilikuwa la babu yake.

Wa pili niliyemfuatilia hadi mwisho alikuwa msichana wa duka la mikate. Yeye alitaka AFA. Wasichana walianza kupokelewa pale 1996 upande wa utawala na ugavi, na 2003 upande wa urubani, naye alitaka kuruka. Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko cha mpwa wetu. Alisoma kadi kati ya wateja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mashine ya kahawa. Ila AFA hufunga mlango wa umri mapema, na miaka ilimpita akiwa bado hajapata nafasi. Alikuja nyumbani na edital ya EEAR mkononi, ambako mtu huruhusiwa mradi asifikishe miaka 25 kabla ya mwisho wa mwaka anaoingia, akaniuliza kama itabidi aanze upya. Tulikaa tukapitia kadi zake zote jioni ile. Hakuna hata moja tuliyoitupa, kwa sababu "put up with" ni ileile Pirassununga na Guaratinguetá. Alichohitaji ni karatasi za EEAR zenyewe, azoee vifungu vyake na namna inavyouliza, na wiki ileile akazichapisha zote kwenye duka la fotokopi la mtaani kwake na kuanza na ile ya zamani kuliko zote.